Nyota Zilizo Jirani na Jua na Jinsi Zilivyopimwa Kutoka Kusini mwa Afrika

Mtu asimamaye ufukoni Kilwa usiku wa mwezi wa Mei, akaelekeza uso wake kusini, huiona Salibu imesimama juu ya bahari, na upande wa mashariki wake huziona nyota mbili kubwa zilizokaa pamoja kana kwamba zinaionyesha. Ile iliyo mbali zaidi na Salibu ndiyo iitwayo Rijili Kantori. Jina hili limetoka katika Kiarabu: rijl ni mguu, na Kantori ni yule kiumbe wa hadithi za Kiyunani, nusu mtu na nusu farasi, ambaye Ptolemaio alimtia katika orodha yake ya makundi ya nyota. Manahodha wa Bahari ya Hindi hawakuwa na haja kubwa na kiumbe huyo. Ahmad ibn Majid, aliyeandika kitabu chake kikubwa cha elimu ya bahari mwishoni mwa karne ya 15, na ambaye alitunga pia urajizi wa safari ya kwenda Sofala, alizijua nyota hizo mbili kwa jina la Himarani, yaani punda wawili. Katika elimu yao urefu wa nyota juu ya upeo wa bahari ulihesabiwa kwa isba, yaani kwa vidole, na kwa hesabu hiyo nahodha alijua amefika wapi. Watswana na Wasotho nao waliziona nyota hizo pamoja na zile za Salibu kuwa ni twiga, wakaziita Dithutlwa au kwa majina yanayofanana na hilo.

Basi watu wengi walizitumia nyota hizo, wala hapana hata mmoja miongoni mwao aliyejua kwamba Rijili Kantori, katika nyota zote zionekanazo kwa macho matupu, ndiyo iliyo karibu zaidi na Jua. Wala hawakuwa na njia ya kujua. Ung'avu peke yake si ushahidi. Taa ndogo iliyo karibu na taa kubwa iliyo mbali huweza kuonekana sawa machoni, na nyota ya pili katika zile mbili, ambayo haipitwi sana kwa kung'aa, iko mbali mara nyingi kuliko mwenzake. Umbali wa nyota ulitaka kipimo cha namna nyingine, na habari za kupatikana kwa kipimo hicho ndizo zinazoelezwa hapa. Sehemu kubwa ya habari hizo ilitendeka katika bara la Afrika, ingawa vitabu vingi huanza na kumalizia Ulaya.

Asili ya jambo lenyewe ni hoja ya mwaka 1543. Copernicus alipoandika kwamba Dunia hulizunguka Jua, alijitwika deni zito. Mtu akiinua kidole mbele ya uso wake, akalifumba jicho la kulia na kisha la kushoto, atakiona kidole kinahama kikilinganishwa na ukuta ulio nyuma yake. Hivyo hivyo, ikiwa Dunia iko upande mmoja wa Jua mwezi wa Januari na upande wa pili mwezi wa Julai, nyota iliyo karibu haina budi kuonekana imehama kidogo mbele ya nyota zilizo mbali. Kuhama huko huitwa paralaksi, na hesabu yake ni nusu ya msogeo wote wa mwaka mzima. Tycho Brahe, aliyewapita watu wote wa zama zake kwa kupima, aliitafuta asiione. Na kwa sababu hiyo, pamoja na nyingine, akakataa kwamba Dunia inakwenda. Jibu la Copernicus lilikuwa limekwisha kutolewa: nyota ziko mbali mno hata msogeo wao hauonekani. Jibu hilo lilikuwa la kweli, lakini kwa muda wa karibu miaka 300 lilikuwa ni dai lisilo na shahidi.

Ugumu wa kazi hiyo waweza kufahamika kwa mfano wa sarafu. Digrii moja ya pembe ina dakika 60, na kila dakika ina sekunde 60. Sarafu yenye upana wa sentimita 2, ikiwekwa umbali wa kilomita 4 na kitu, huonekana kuwa na upana wa sekunde moja. Hakuna nyota hata moja, ukiliacha Jua lenyewe, ambayo paralaksi yake inafika sekunde moja.

Waliojaribu wakakosea walikuwa wengi, na makosa yao yana sehemu katika habari hizi. Robert Hooke alitengeneza darubini ya kusimama wima ndani ya nyumba yake mjini London mwaka 1669, akatangaza kwamba ameupata msogeo wa nyota moja ya kundi la Tinini. Hakuupata. James Bradley aliitazama nyota hiyo hiyo tangu mwaka 1725, akaona kweli inahama, lakini inahama kwa majira yasiyolingana na hesabu ya paralaksi. Alichokigundua kilikuwa kitu kingine: kwa kuwa Dunia inakwenda na nuru nayo inakwenda, nuru ya nyota hutufikia imeinama kidogo, kama mvua inayoanguka wima inavyompiga usoni mtu anayekimbia. Huo ulikuwa ushahidi wa kwanza wa wazi kwamba Dunia inakwenda, na ni ugunduzi mkubwa. Umbali wa nyota, hata hivyo, ukabaki haujulikani. Miaka ya mwanzo ya karne ya 19 John Brinkley wa Dublin alitangaza paralaksi za nyota kadhaa, naye John Pond wa Greenwich akazipinga kwa vipimo vyake, wakabishana miaka mingi. Pond ndiye aliyekuwa na haki. Hata ikafika miaka ya 1830, mtu yeyote aliyesimama mbele ya wenzake na kusema kwamba amepima umbali wa nyota alisikilizwa kama asikilizwavyo mtu aliyekwisha kudanganya, ingawa waliokosea walikuwa wengine.

Hayo yafaa kukumbukwa kabla ya kumhukumu Thomas Henderson.

Rasi ya Tumaini Jema ilikuwa imekwisha kuingia katika elimu ya nyota kabla yake. Mfaransa Nicolas-Louis de Lacaille alikaa huko tangu mwaka 1751 hata 1753, akapima mahali pa nyota karibu 10,000 za kusini kwa darubini ndogo sana. Rijili Kantori ilikuwa miongoni mwake. Mwaka 1820 serikali ya Uingereza iliamuru kijengwe kituo cha kudumu huko Rasi, na Fearon Fallows akapelekwa kukisimamia. Alijenga, akasubiri vyombo, akavipokea vikiwa na kasoro, akafa mwaka 1831 akazikwa katika uwanja wa kituo chenyewe.

Henderson ndiye aliyetumwa kushika mahali pake. Alizaliwa Dundee, katika Scotland, mwaka 1798, akasomea kazi ya ofisi ya sheria, na kwa miaka mingi aliishi kwa kazi ya ukarani na uandishi wa wakubwa wa mahakama. Elimu ya nyota aliifanya jioni, baada ya kazi, na macho yake hayakuwa mazuri. Alijulikana kwanza kwa hesabu zake. Alifika Rasi mwezi wa Aprili 1832, akakichukia kituo hata akakiita kinamasi cha huzuni. Akaomba msaada na vifaa kutoka kwa wakubwa wa majeshi ya bahari walio London, asipewe. Na mwezi wa Mei 1833 akajiuzulu akarudi kwao. Alikaa mwaka mmoja na mwezi mmoja. Katika muda huo mfupi yeye na msaidizi wake, Luteni Meadows, walifanya maelfu ya vipimo, ambavyo Henderson alivichukua pamoja naye kama malipo ambayo hakuyapokea kwa fedha.

Wataalamu wa wakati ule walikuwa na dalili tatu za kubuni nyota iliyo karibu. Ya kwanza ni ung'avu, ambayo ni dalili dhaifu. Ya pili ni mwendo: kila nyota inasafiri angani, na ile iliyo karibu huonekana kwenda upesi zaidi, kama vile ndege apitaye juu ya paa anavyoonekana kwenda upesi kuliko yule aliye mbali juu ya bahari. Ya tatu yahusu nyota pacha, yaani zinazozungukana mbili mbili: zikionekana zimetengana sana na huku zinazungukana kwa miaka michache, basi haziwezi kuwa mbali. Rijili Kantori ilikuwa na dalili zote tatu. Ni ya tatu kwa ung'avu katika mbingu nzima, ukizihesabu nyota zake kuwa moja. Ni nyota mbili, jambo lililoonwa kwanza mwaka 1689 na padri Mfaransa aitwaye Jean Richaud, aliyekuwa akitazama nyota yenye mkia kutoka Pondicherry katika Bara Hindi. Tena inakwenda upesi. Manuel Johnson, ofisa aliyekuwa akipima nyota katika kisiwa cha St. Helena, alipolinganisha vipimo vyake na vile vya Lacaille aliona kwamba katika muda wa miaka 80 imehama sana, zaidi ya sekunde 3 kila mwaka. Johnson ndiye aliyempasha Henderson habari hiyo.

Henderson hakuipima Rijili Kantori kwa kusudi la kutafuta paralaksi. Aliipima pamoja na nyota nyingine, kazi ya kawaida ya kituo. Ni baada ya habari ya Johnson ndipo aliporudi katika daftari zake na kuuliza kama mahali pa nyota hiyo palibadilika kwa majira ya mwaka kama ipasavyo. Palibadilika. Hesabu ilimpa paralaksi ya zaidi kidogo ya sekunde moja.

Akanyamaza.

Wengi waliosimulia habari hizi wamesema kwamba alikuwa mwoga. Neno hilo si la haki. Chombo alichokitumia kilikuwa duara kubwa la madini lililofungwa ukutani, lenye alama za digrii pembeni, na duara lile lilikuwa limempa Fallows taabu tangu siku ya kwanza. Chombo cha namna hiyo hupima mahali pa nyota kwa kulinganisha na dunia yenyewe, si kwa kulinganisha na nyota nyingine. Basi joto la kiangazi na baridi ya kipusa vikilivuta duara kwa kiasi cha unywele, nyota zote zitaonekana zimehama, tena zitahama kwa majira ya mwaka, sawasawa na paralaksi inavyotakiwa kufanya. Katika hali hiyo mtu mwaminifu hana njia ya kutofautisha nyota na ukuta. Henderson alijua hivyo kuliko waliomcheka baadaye. Akataka kwanza vipimo vya Meadows, vilivyofanywa kwa chombo kingine na kwa mwelekeo mwingine wa mbingu, vikokotolewe. Wakati huo alikuwa amepewa kazi mpya Edinburgh, mwaka 1834, akiwa Mnajimu wa Mfalme wa kwanza katika Scotland, na kazi za kituo kile zilimjaa mikononi.

Huku nyuma, Ulaya haikukaa. Friedrich Georg Wilhelm Struve wa Dorpat, mji ambao leo huitwa Tartu katika Estonia, alichagua Vega, ile ambayo Waarabu waliiita tai atuaye, na neno lao la kutua ndilo lililobaki katika jina hilo la Kizungu. Mwaka 1837 alitangaza kwa hadhari kubwa paralaksi ya sehemu moja ya nane ya sekunde. Mwaka 1840, baada ya vipimo vingi zaidi, akaiongeza mara mbili. Vipimo vya siku zetu vinaonyesha kwamba hesabu ya kwanza ilikuwa karibu kabisa na kweli, na ile ya pili ndiyo iliyokosea. Lakini Struve alipojisahihisha, wenzake wakaona kwamba hata yeye hana hakika.

Friedrich Wilhelm Bessel wa Königsberg alichagua nyota hafifu, nambari 61 katika kundi la Dajaja. Hakuichagua kwa ung'avu bali kwa mwendo wake, maana inahama zaidi ya sekunde 5 kila mwaka. Chombo chake kilitoka katika karakana ya Fraunhofer mjini Munich: darubini ambayo kioo chake cha mbele kimekatwa vipande viwili, na kwa kukisogeza kipande kimoja mtazamaji huzileta sura za nyota mbili mahali pamoja, akasoma umbali baina yao katika parafujo. Hapo ndipo penye siri yote. Bessel hakuilinganisha nyota yake na ukuta wala na ardhi, bali na nyota ndogo zilizo kando yake, ambazo zilifikiriwa kuwa mbali sana. Joto likipanua chombo, baridi ikikipunguza, nyota zote mbili hupatwa na kosa lile lile, na kosa hujifuta lenyewe. Alipima kwa muda wa zaidi ya mwaka mmoja, na mwishoni mwa mwaka 1838 akatoa jibu: sekunde 0.314. Leo inahesabiwa kuwa karibu 0.286. Watu walisadiki mara moja, kwa kuwa si jibu tu walilopewa bali na njia ya kulichungua.

Hapo Henderson akazungumza. Maandiko yake yalisomwa mbele ya Jumuiya ya Kifalme ya Elimu ya Nyota mjini London tarehe 3 Januari 1839, miezi michache tu baada ya Bessel. Mwaka 1841 Jumuiya hiyo ilimpa Bessel nishani ya dhahabu. Henderson alikufa mwaka 1844, umri wake miaka 45. Thomas Maclear, aliyemfuata kule Rasi, aliipima nyota hiyo upya akapata karibu sekunde 0.9; basi paralaksi ilikuwapo kweli, ila Henderson aliikadiria kuwa kubwa mno. Kwa hesabu yake Rijili Kantori ingekuwa umbali wa chini ya miaka mitatu ya nuru, na kumbe ni zaidi ya minne.

Ni vigumu kuamua nani ndiye wa kwanza, na swali lenyewe lategemea maana ya neno kupima. Ikiwa kupima ni kuzifanya tazamo zilizo na jibu ndani yake, basi Henderson ndiye wa kwanza, maana daftari zake zilikwisha funga mwaka 1833, wakati Bessel alikuwa hajaanza. Ikiwa kupima ni kuwapa watu jibu ambalo wanaweza kuliamini, basi ni Bessel, wala hapana shaka. Vitabu vimechukua maana ya pili. Lakini lisisahauliwe jambo moja: umbali wa sekunde 0.3 ulihitaji chombo cha Fraunhofer, na nyota ya kusini yenye msogeo mara mbili na nusu zaidi ilikuwa ikisubiri mahali ambapo chombo cha namna hiyo hakikupelekwa. Waliokataa maombi ya Henderson waliinyima nchi yao fahari ya kuwa ya kwanza kwa bei ya duara moja zuri.

Chombo hicho kilifika Rasi nusu karne baadaye, tena si kwa fedha ya serikali. David Gill alipowekwa kuwa mkuu wa kituo mwaka 1879 alikuja na darubini ya kioo kilichokatwa iliyokuwa mali yake mwenyewe, na pamoja na Mmarekani kijana William Elkin wakaipima Rijili Kantori na nyota nyingine za kusini katika miaka ya 1881 hata 1883. Walipata karibu sekunde 0.75. Tarakimu hiyo imekaa.

Gill ndiye pia aliyemleta katika kazi mtu wa mwisho wa habari hizi za kusini, naye alikuwa kinyume cha Henderson karibu katika kila jambo. Robert Innes alizaliwa Edinburgh mwaka 1861, akaacha shule akiwa na umri wa miaka 12, akaenda Sydney akawa mfanyabiashara wa mvinyo, na huko akazitafuta nyota pacha kwa darubini za kuazima. Mwaka 1896 Gill alimpa kazi Rasi, si ya unajimu bali ya uandishi wa ofisi. Mwaka 1903 akapewa kituo kipya mjini Johannesburg, ambacho baada ya kuundwa kwa Muungano wa Afrika ya Kusini kikaja kuitwa Kituo cha Muungano.

Wakati huo picha zilikuwa zimechukua mahali pa jicho. Innes alikuwa na chombo ambacho huonyesha sahani mbili za picha za mahali pamoja mbinguni, moja baada ya nyingine kwa haraka, hata nyota yoyote iliyohama baina ya tarehe mbili huonekana ikirukaruka mbele ya nyingine zilizotulia. Mwaka 1915 alilinganisha sahani za mwaka 1910 na za mwaka ule ule, akitafuta kama Rijili Kantori inao wenzake. Umbali wa digrii 2 na kitu kutoka kwake, mahali ambapo mtu asingetazamia, aliiona nyota hafifu kabisa, ya kumi na moja kwa daraja la ung'avu, inayokwenda upande ule ule kwa mwendo karibu sawa na ule wa zile kubwa mbili. Aliitangaza mwezi wa Oktoba mwaka huo.

Mwaka 1917 Joan Voûte, aliyekuwa akifanya kazi kule Rasi, alitoa paralaksi yake: sekunde 0.755. Innes naye alitoa yake, sekunde 0.759, na papo hapo akapendekeza nyota ile iitwe Proxima, neno la Kilatini lenye maana ya iliyo karibu kabisa. Msomaji na atazame tarakimu hizo. Paralaksi ya zile mbili kubwa ilikuwa karibu 0.75. Tofauti ilikuwa ndogo kuliko kiasi cha kosa lililowezekana, na kwa ushahidi uliokuwapo hakuna aliyeweza kusema kama ile hafifu iko mbele ya wenzake au nyuma yao. Innes alisema. Vita Kuu ilikuwa ikiendelea Ulaya, na watu wachache walikuwa na nafasi ya kubishana naye juu ya sehemu za elfu za sekunde. Uthibitisho ulipatikana mwaka 1928, wakati Harold Alden, akifanya kazi katika kituo cha Chuo Kikuu cha Yale kilichokuwa Johannesburg, alipopata sekunde 0.783. Kwa hiyo Proxima ilikuwa ya karibu kweli, na jina alilolitoa Innes kabla ya wakati wake likasimama. Henderson alikuwa na ushahidi akanyamaza. Innes alisema kabla ya ushahidi kutosha, na hakuna aliyemlaumu.

Nyota hiyo ilibadilisha mawazo juu ya ujirani wa Jua. Hapo kwanza ilidhaniwa kwamba majirani zetu ni nyota kama Jua letu, au kama Shira, ambayo iko umbali wa miaka ya nuru 8.6. Lakini mwaka 1916 Edward Emerson Barnard wa Marekani, akilinganisha sahani ya mwaka 1894 na mpya, aliikuta nyota nyingine nyekundu na hafifu inayokimbia zaidi ya sekunde 10 kila mwaka, mwendo usio na mfano. Iko umbali wa miaka ya nuru karibu 6. Kisha Max Wolf wa Heidelberg akapata nyingine iliyo hafifu zaidi, katika kundi la Simba. Hizi zote hazionekani kwa macho matupu. Ilibainika kidogo kidogo kwamba nyota nyingi zilizo jirani na Jua ni za namna hii, ndogo, nyekundu na za joto dogo, na kwamba zile zinazopamba usiku ni wageni wachache wanaong'aa kutoka mbali.

Nyota ya Barnard inastahili maneno machache zaidi. Peter van de Kamp wa Chuo cha Swarthmore, Pennsylvania, aliipiga picha tangu mwaka 1938, na mwaka 1963, akiwa na sahani zaidi ya 2,400, alitangaza kwamba inayumba katika njia yake, na kwamba inavutwa na sayari kubwa kuliko Mshtarii. Kwa miaka kumi vitabu vya shule viliifundisha sayari hiyo. Mwaka 1973 George Gatewood na Heinrich Eichhorn, kwa sahani za darubini nyingine, hawakuiona. Na mwaka huo huo John Hershey, mwenzake van de Kamp katika kituo kile kile, alionyesha kwamba nyota nyingine zilizopigwa picha kwa darubini ile huyumba pamoja na ya Barnard, na kwamba ziliruka hasa wakati kioo cha darubini kiliporekebishwa. Kilichoyumba kilikuwa chombo. Van de Kamp alikufa mwaka 1995 bila ya kukubali. Ni kosa lile lile ambalo Henderson aliliogopa katika duara la Rasi, nalo lilimpata mtu aliyekuwa na subira mara ishirini kuliko yeye. Hadithi haikuishia hapo: mwaka 2024, kwa darubini kubwa zilizoko Chile, ilipatikana sayari ndogo inayoizunguka nyota hiyo kwa siku 3 na kitu, na mwaka 2025 zikathibitishwa kuwa nne. Hakuna hata moja kati ya hizo inayofanana na ile ya van de Kamp.

Siku hizi paralaksi hupimwa kutoka angani. Chombo cha Hipparcos, kilichorushwa mwaka 1989, kilipima nyota kama 118,000, na Gaia, kilichorushwa mwaka 2013 na kufanya kazi hata mwanzo wa mwaka 2025, kilizipima zaidi ya bilioni moja. Kwa vipimo vya Gaia paralaksi ya Proxima ni sekunde 0.768, yaani miaka ya nuru 4.25, Alden alikaribia. Imedhihirika pia, mwaka 2017, kwamba Proxima imefungamana na zile kubwa mbili, ikizizunguka kwa muda wa zaidi ya miaka 500,000. Tangu mwaka 2016 inajulikana kwamba nayo ina sayari, inayokadiriwa kuwa na uzito karibu na wa Dunia na mwaka wa siku 11 tu. Wala orodha ya majirani haijafungwa: mwaka 2013 Kevin Luhman, akipekua picha za joto zilizopigwa kutoka angani, aliikuta jozi ya vitu visivyofika kuwa nyota kamili, vilivyo umbali wa miaka ya nuru 6.5, ambavyo kwa karne nzima ya kutafuta hakuna aliyeviona.

Rijili Kantori yenyewe ilimshinda Gaia, maana inang'aa mno kwa chombo kilichotengenezewa nyota hafifu. Ilibidi ipimwe kutoka ardhini, kwa dishi za redio zilizoko katika jangwa la Atacama, na jibu lililotolewa mwaka 2021 lilikuwa sekunde 0.7508. Mwaka 2016 Umoja wa Kimataifa wa Elimu ya Nyota uliyaidhinisha rasmi majina ya nyota zile: kubwa zaidi ikabaki na jina lake la Kiarabu lililoandikwa kwa herufi za Kilatini, mguu wa Kantori, na ile hafifu ikapewa Proxima, kama alivyotaka Innes. Ya pili katika zile kubwa ilipewa jina la Toliman mwaka 2018, neno ambalo asili yake ni Kiarabu pia, na maana yake ni mbuni. Jengo la Rasi ambamo duara la Henderson lilifungwa ukutani lingalipo katika mtaa uitwao Observatory mjini Cape Town, na tangu mwaka 1972 ni makao makuu ya kituo cha taifa cha elimu ya nyota cha Afrika ya Kusini.